Somo Letu: Daftari la Zamu



Mitambo mingi mipya hujichunga yenyewe. Joto likizidi au mvuke ukipanda, taa nyekundu huwaka na maneno hutokea kwenye kioo. Wewe unabonyeza kitufe, taa inazimika, kazi inaendelea. Mwenzako wa zamu ya usiku hajui lolote.

Tuangalie kiwanda cha dawa za wadudu cha Bhopal, India, usiku wa tarehe 2 Desemba 1984. Saa 4 na dakika 20 geji ya tangi la sumu ilisoma ratili 2 kwa inchi ya mraba. Zamu zikabadilishana. Saa 5 ilisoma 10. Mfanyakazi wa zamu mpya aliona 10 ni kipimo cha kawaida, na kweli kilikuwa ndani ya kawaida. Hatari ilikuwa katika kupanda kutoka 2 hadi 10 kwa dakika 40, jambo ambalo yeye hakulijua. Baada ya saa 6 sumu ilitoka, ikaua maelfu ya watu.

Kwa hiyo tunadai daftari moja la pamoja kwa kila mtambo, lifungwe kwa kamba papo hapo, si kabatini mwa ofisi. Kurasa ziwe na namba ili isichanwe hata moja. Usiandike “mashine ni mbaya”. Andika saa, mashine ipi, kipimo, na maneno ya kioo kama yalivyo, hata yakiwa ya Kifaransa au Kiingereza. Kisha andika ulimwambia msimamizi gani, naye atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa.

Niliwahi kumtetea ndugu mmoja aliyelaumiwa kuunguza mota. Alikuwa ameripoti mara tatu, zote kwa mdomo. Hatukuwa na karatasi ya kuonyesha. Akakatwa mshahara.

Sheria ipo. Rwanda iliridhia Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani mwaka 2018. Mfanyakazi anapoona hatari kubwa iliyo karibu, aripoti mara moja kwa msimamizi wake. Na hatari ikiendelea, mwajiri hawezi kumlazimisha arudi hapo kabla ya kuchukua hatua. Lakini utathibitishaje kwamba uliripoti?

Asiyejua kuandika asione haya. Amwambie mwenzake aandike, na majina ya wote wawili yawekwe. Kabla ya kushika kazi, soma kwanza ukurasa wa zamu iliyopita.