Klabu ni Mali ya Nani?

Zamani kidogo, siku ya mechi kubwa, mtu aliyesimama kando ya barabara ya lami itokayo Koboko kwenda Arua aliona jambo la kufurahisha. Tangu asubuhi malori, teksi na pikipiki zilipita zimejaa vijana waliovaa kijani, wakiimba kwa Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba klabu ile ni mali yake. Lakini ukimwuliza, "Mwaenda wapi?" alikujibu, "Timu yetu inacheza." Neno hili "yetu" ndilo nitakalo tulichungue leo, ninyi wanafunzi mlio darasani, na ninyi ndugu zetu mliosoma hapa zamani na sasa mna kazi na mishahara.

1. Aina tatu za mwenyewe

Klabu ya mpira huweza kuwa na mwenyewe wa namna tatu. Kwanza, huweza kuwa mali ya wanachama. Hao hulipa ada, huwa na kadi, na hukutana kuchagua mwenyekiti, katibu na mtunza hazina. Pili, huweza kuwa mali ya mtu mmoja au ya kampuni, kama duka au shamba lilivyo. Tatu, huweza kuwa mali ya serikali au ya idara yake. Katika Uganda twaijua KCCA, ambayo ni ya halmashauri ya mji mkuu wa Kampala, na URA, ambayo ni ya mamlaka ya kodi.

Zaidi ya hao kuna mpenzi wa klabu. Yeye hana hati wala kura. Hulipa kiingilio, hununua fulana, husafiri kwenye vumbi na mvua, na timu ikifungwa hukosa usingizi. Basi klabu inapouzwa, mnunuzi hupata hati, jina, mikataba ya wachezaji na nafasi katika ligi. Mapenzi hayaandikwi katika hati ya mauzo, na kwa sababu hiyo huweza kwenda au kubaki yapendavyo. Mnunuzi mwenye busara hulijua jambo hilo, kwa kuwa klabu isiyo na watu uwanjani ni gharama tupu.

2. Habari za Arua

Mji wetu wa Arua umepata kuziona namna mbili kati ya hizo tatu, tena kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni Onduparaka, iliyopewa jina la mahali karibu na mji. Klabu hii ilikua mikononi mwa watu wa pale, nao wapenzi wake huitwa Viwavi. Mwaka 2016 ilipanda ligi kuu ya Uganda, na timu za Kampala zilizosafiri mpaka uwanja wa Green Light hazikukuta mchezo mwepesi. Watu walijaa mpaka juu ya miti. Wazee waliokuwa hawajui hata kanuni ya kuotea walianza kuuliza matokeo kila Jumamosi jioni.

Ya pili ilikuwa ikiitwa Doves All Stars, yaani njiwa. Klabu hii ilinunuliwa na mhandisi Joel Aita, naye mtu wa West Nile, na kabla ya msimu wa 2020–21 ikapewa jina jipya, Arua Hill. Mwaka ule ule wa 2020, tarehe 1 Julai, Arua ilikuwa imefanywa jiji, na jina la kilima chake lilifaa furaha ya siku zile. Fedha zilionekana upesi. Mwaka 2021 klabu ilipanda ligi kuu, na wapenzi wake wakapata kilio chao cha uwanjani, "Kongolo!" Hivyo jiji changa likawa na klabu mbili katika ligi kuu, na siku zilipokutana ndugu wa nyumba moja waliketi pande mbili.

Je, watu waliupokeaje ununuzi ule? Nilisikiliza mazungumzo sokoni na katika vibanda vya chai, nikakuta makundi matatu. Kundi la kwanza lilishangilia. Walisema, "Mkono mtupu haulambwi. Wachezaji wataka mishahara, na basi la Kampala lataka mafuta." Kundi la pili lilinung'unika. Walisema, "Njiwa wetu wamekwenda wapi? Akiweza kubadili jina leo, kesho atashindwaje kubadili mji?" Kundi la tatu lilinyamaza likingoja kuona mwisho.

Kila kundi lilikuwa na haki yake. Lakini tazameni yaliyofuata. Onduparaka ilishuka baada ya msimu wa 2022–23. Arua Hill ilikuwamo katika ligi kuu msimu wa 2023–24, lakini msimu wa 2024–25 ulipoanza hapakuwa na klabu hata moja ya Arua katika ligi ile. Klabu iliyotegemea watu wengi ilishuka, na ile iliyonunuliwa na mtu mmoja ikatoka vilevile. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba tajiri ni mbaya, au kwamba umma ni mzuri. Yatupasa kutafuta zaidi.

3. Wapenzi wa Sydney

Na tuvuke bahari mpaka Australia. Huko kuna mchezo uitwao ragbi ligi. Ragbi ambayo baadhi yenu mmeiona Kampala huchezwa na watu 15 kila upande; hii nyingine huchezwa na watu 13. Michezo hii miwili iliachana mwaka 1895 huko Huddersfield, Uingereza, kwa ugomvi wa malipo. Wachezaji wa kaskazini walikuwa wafanyakazi wa viwanda na migodi, wakataka walipwe fidia kwa siku za kazi walizopoteza, na wakubwa wa mchezo wakakataa. Twaona basi kwamba swali la fedha katika michezo si la leo.

Katika mji wa Sydney iko klabu ya South Sydney, iliyoanzishwa mwaka 1908 katika mitaa ya wafanyakazi. Jina lake la utani lamaanisha wachuuzi wa sungura. Mwaka 1999 wakuu wa ligi waliiondoa ili kupunguza idadi ya klabu. Wapenzi hawakukubali. Maelfu kwa maelfu waliandamana barabarani kwa amani, wakachanga fedha, wakaenda mahakamani. Mwaka 2001 mahakama iliwapa haki, na mwaka 2002 klabu yao ikarudi uwanjani.

Lakini kurudi hakukuleta ushindi. Klabu ilikuwa maskini na ilifungwa mara kwa mara. Mwaka 2006 wakaja watu wawili, mcheza sinema Russell Crowe na mfanyabiashara Peter Holmes à Court. Walitoa dola milioni 3 za Australia ili wapate asilimia 75 ya klabu. Wanachama waliitwa kupiga kura, na sheria ilitaka robo tatu wakubali. Waliokubali walikuwa asilimia 75.8. Fikirini, nusura jambo lianguke! Wale waliokataa hawakuwa wajinga. Walikuwa ndio walewale walioandamana kuiokoa klabu, nao waliogopa kuitoa mkononi baada ya taabu ile yote.

Hata hivyo wanachama walibaki na asilimia 25, na pamoja nazo haki ya kukataa mtu asibadili jina, rangi wala alama ya klabu. Mwaka 2014 South Sydney ilichukua ubingwa, ambao ilikuwa haijaupata tangu 1971, yaani miaka 43. Fedha za matajiri zilisaidia, lakini zilikuta watu waliokwisha jipanga.

4. Dar es Salaam na Uingereza

Karibu zaidi na kwetu, klabu ya Simba ya Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1936 na ilikuwa mali ya wanachama miaka yote. Desemba 2017 wanachama walikutana wakamkubali mfanyabiashara Mohammed Dewji awe mwekezaji kwa shilingi bilioni 20 za Tanzania. Palikuwa na mabishano juu ya sehemu atakayopata, na serikali ikashika kanuni kwamba wanachama wasipungue asilimia 51. Mwisho mwekezaji akapewa 49. Ujerumani nako kuna kanuni ya namna hiyo tangu 1998: kwa kawaida zaidi ya nusu ya kura za klabu lazima zibaki kwa wanachama.

Uingereza, wapenzi wa Wimbledon hawakuwa na kinga hiyo. Mwaka 2002 wenye klabu walipewa ruhusa kuihamishia Milton Keynes, mji ulio mbali kiasi cha kilomita 90. Hofu ya lile kundi letu la pili, "kesho atabadili mji," huko ilitimia. Wapenzi walilia, kisha wakaanzisha klabu yao wenyewe, AFC Wimbledon, katika ligi za chini kabisa. Mwaka 2011 ilikuwa imepanda mpaka ligi za taifa za kulipwa. Hii yatuonyesha kwamba klabu huweza kufufuka ikiwa watu wake wako tayari kuanza chini, lakini ni miaka 9 ya jasho.

5. Fulana za Koboko

Nisije nikadhaniwa kwamba mambo haya ni ya miji mikubwa tu, nitawaambia yaliyotupata sisi. Nilipokuwa kijana huko Koboko tulikuwa na timu ya mtaa. Mfanyabiashara mmoja alitupenda, akatununulia fulana 16, mpira na nyavu. Tulimwita baba wa timu, tukampigia makofi, na hapana aliyeandika neno. Mwaka uliofuata aligombea cheo, akashindwa katika mtaa wetu. Wiki ile ile alimtuma mtoto wake na gunia. Fulana zikakusanywa, na mpira pia, na nyavu zikafunguliwa milingotini.

Tulimlaani sana. Lakini mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alituuliza: "Ninyi mlitoa nini? Na mlikubaliana nini?" Tukanyamaza. Hatukuwa na mwanachama aliyelipa hata senti 50. Hatukuwa na daftari. Wala hatukuwa na mtu ambaye angeweza kusema, "Fulana hizi zilitolewa kwa timu, si kwa kuazimwa." Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Jumamosi ile tulicheza vifua wazi dhidi ya mashati, tukafungwa mabao manne. Jumapili tukachagua mtunza hazina.

6. Yafaa wapenzi waulize nini?

Basi tajiri akija kutaka klabu yenu, msimfukuze, wala msimbebe juu juu kabla ya kumwuliza. Mwulizeni kwa adabu maswali manne haya.

(a) Fedha zatoka wapi, na zitaendelea kwa muda gani? Ahadi ya mwaka mmoja si kama ahadi ya miaka mitano iliyo katika mkataba.

(b) Jina, rangi na mji vitalindwaje? Hivi ndivyo vilivyo mali ya moyo, na watu wa Sydney walivilinda kwa maandishi.

(c) Nani atakagua hesabu, na wanachama watasomewa lini?

(d) Akichoka au akifa, klabu itarudi kwa nani? Watu wengi huona haya kuuliza swali hili mbele ya mgeni aliyeleta zawadi. Na hili ndilo lenye uzito kuliko yote.

Lakini naye tajiri ana haki ya kutuuliza swali moja: "Ninyi mnaosema 'timu yetu,' mmelipa ada?" Mpenzi aliyeruka ukuta asilipe kiingilio hana ulimi wa kumlaumu mwenye mali. Watu elfu tatu wakitoa shilingi elfu mbili kila mwezi, hizo ni milioni sita. Haziwezi kulipa kila kitu, lakini zatosha kuwapa watu kiti mezani, na sauti ya kusikilizwa.

7. Neno la mwisho

Wanafunzi wenzangu wadogo, wengi wenu hamtacheza ligi kuu. Lakini klabu yahitaji pia katibu ajuaye kuandika mkutano, mtunza hazina ajuaye kujumlisha, na mwanasheria ajuaye kusoma mkataba mpaka mstari wa mwisho. Kazi hizo hufundishwa hapa, katika madarasa haya mnayoyalalamikia. Nanyi ndugu zetu wa zamani, mnaporudi Arua au Koboko wakati wa sikukuu, msiishie kuhadithia mechi za zamani. Ulizeni daftari liko wapi.

Siku moja klabu ya kwetu itapanda tena, na malori yatapita tena asubuhi yamejaa nyimbo. Siku hiyo kijana atakayesema "timu yetu" na awe na kadi mfukoni.

Maswali ya kujadiliana

1. Eleza tofauti kati ya mwenye klabu, mwanachama na mpenzi.
2. Kwa nini wanachama wengine wa South Sydney walikataa fedha mwaka 2006? Ungalikuwa wewe, ungalipiga kura gani?
3. Onduparaka na Arua Hill zilikuwa na wenyewe wa namna mbalimbali, lakini zote zimetoka ligi kuu. Jambo hili latufundisha nini?
4. Andika mkataba mfupi, usiozidi mistari kumi, kati ya timu ya mtaa wako na mtu anayetaka kuinunulia fulana.