SOMO LA JUMA: MAZOEZI YA MWILI NI KAMA MANA

Mafungu ya kusoma: Kutoka 16:13-21, 1 Wafalme 19:1-8, 1 Wakorinto 6:19-20, 1 Timoteo 4:7-8.

Kusudi la somo: Kila mwamini ajue faida anayopata yeye mwenyewe akiuzoeza mwili wake kila siku, naye aanze juma hili.

UTANGULIZI



Katika mji wetu wa Bunia tumezika wababa na wamama ambao hawakuugua siku nyingi. Mtu amelala mzima; asubuhi mkono na mguu wa upande mmoja havisikii tena, na kinywa kimepinda. Jamaa wanakusanyika, na ulizo la kwanza ni hili: nani amemfanyia? Munganga akipima anaona kwamba tansio ilikuwa juu sana, pengine tangu miaka mingi, na mwenyewe hakujua kwa sababu tansio haina maumivu.

Kanisa letu linaombea wagonjwa, na tutaendelea kuwaombea. Lakini kuna magonjwa ambayo Mungu ametupa njia ya kuyapunguza kabla hayajaingia nyumbani. Njia moja haiombi franka hata moja. Ni kutumia miguu na mikono aliyotupa, kila siku, bila kuacha.

1. JE, MAZOEZI NI MAMBO YA DUNIA?

Wengine wanasema: mchezo na mbio ni mambo ya vijana wa dunia, sisi tuna sala. Wanataja maneno ya Paulo kwa Timoteo. Tusome vizuri fungu lile. Paulo hakusema kwamba mazoezi ya mwili hayana faida. Alisema yana faida kidogo, kisha akayalinganisha na utauwa, ambao faida yake inafika mpaka uzima unaokuja. Kitu chenye faida kidogo hakitupwi. Kinawekwa mahali pake, chini ya kile kikubwa.

Na huyu Paulo ndiye aliyewaambia Wakorinto kwamba mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu. Sisi Wakimbangu tunajua namna ya kuheshimu hekalu. Tunavua viatu, tunafagia, tunapanga maua. Basi hekalu hili tunalotembea nalo, nani analifagia?

Tangu mwanzo tumefundishwa maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Kwa njia ya amri tumeacha tumbaku na pombe, na waganga wote wanakubali kwamba hivyo viwili vinaharibu moyo na mishipa. Basi nusu ya dawa tunayo tayari. Amri inatukataza dansi. Haitukatazi kutembea, kulima, kupanda kilima, wala kubeba mzigo. Angalieni nsinsani: fanfari inapiga, na wazee kwa vijana wanatembea kwa mstari kupeleka matoleo, wanarudi, wanakwenda tena. Mama wa miaka 60 anazunguka mara nyingi wala halalamiki. Mwili wake unafurahi pamoja na roho yake. Shida ni kwamba wengine kati yetu wanatembea namna ile Siku ya Yenga tu, halafu siku sita wanakaa.

Mwaka 1921, habari za Nkamba zilipoenea, watu waliacha kazi za wazungu wakakwenda kwa miguu, mwendo wa siku nyingi, kumwona Papa Simon Kimbangu. Imani ya wazee wetu ilikuwa na miguu.

2. MWILI ULIUMBWA KWA MWENDO

Zamani mtu wa Mudzipela alikwenda soko kuu kwa miguu na kurudi kwa miguu. Leo anapigia moto mkono hata kwa safari ya dakika 10. Mwenye duka anakaa toka asubuhi mpaka jioni. Mwandishi wa ofisi vilevile. Mwenye moto mwenyewe anapita mji wote, lakini amekaa.

Tena wako ndugu zetu waliokimbia vijiji vya Djugu tangu vita ilipoanza tena mwezi wa Desemba 2017. Kwao walilima, walipanda na kushuka vilima, walichota maji mbali. Wakafika Bunia, wengine katika kambi, bila shamba. Pamoja na mali, waliibiwa na kazi ya mwili. Mtu aliyelima miaka 30, ukimkalisha chini ya hema, mwili wake unalegea na mawazo yake yanazidi usiku. Ndugu hawa tusiwasahau katika somo hili.

Kwamba kukaa sana kunaua, si maneno ya kutishana. Katika mji wa London, munganga Jeremy Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa basi, wakatangaza matokeo mwaka 1953. Basi za mji ule zilikuwa na orofa mbili. Dereva alikaa siku nzima. Mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi siku nzima. Watu hawa walitoka mji mmoja na walikuwa na tajiri mmoja. Lakini madereva waliugua moyo mara nyingi kuliko wakata tikiti, na walipougua, wengi zaidi walikufa upesi. Ngazi zile za basi zilikuwa dawa, na mkata tikiti hakujua kwamba anakunywa dawa.

3. FAIDA NNE UNAZOPATA WEWE MWENYEWE

(a) Moyo na tansio. Moyo ni nyama inayosukuma damu. Ukiuzoeza, unakuwa na nguvu na unasukuma damu nyingi kwa pigo moja; mishipa nayo inalainika na kufunguka. Mtu mwenye tansio anayetembea kwa haraka siku nyingi za juma anaweza kuona alama ya juu inashuka kwa 5 mpaka 8. Hesabu hiyo inaonekana ndogo, lakini inapunguza hatari ya kupooza.

(b) Sukari. Chakula chetu, bugali, wali, mihogo, kinageuka sukari katika damu. Misuli ikifanya kazi inavuta sukari hiyo na kuitumia kama motere inavyotumia mafuta. Misuli ikikaa, sukari inabaki katika damu. Katika Marekani walichunguza watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja walifundishwa kutembea dakika 150 kwa juma na kupunguza uzito kidogo. Mwaka 2002 matokeo yalitoka: katika kundi lile hatari ya kupata ugonjwa ilipungua kwa sehemu 58 kati ya 100.

(c) Usingizi na mawazo. Hapa tusome 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa nabii wa moto kutoka mbinguni, lakini Yezebeli alipomtisha, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu hakumgombeza. Alimlaza usingizi, akamlisha mara mbili kwa mkono wa malaika, kisha akamtembeza siku 40 mpaka Horebu. Usingizi, chakula, mwendo. Kisha sauti ya Mungu. Sisi tulioona vita tunajua mti ule wa Eliya. Wako wanaoshtuka usiku, wako wasiosikia tena hamu ya kitu. Waganga wanaona kwamba mtu anayetembea kila siku analala vizuri, na huzuni nzito inapungua. Matembezi hayaondoi maombolezo. Yanampa mtu nguvu ya kuyabeba.

(d) Uzee wenye miguu. Mzee anayetumia miguu haanguki upesi, na mifupa yake inakaa imara. Anakwenda kanisani mwenyewe, anaoga mwenyewe, anabeba mjukuu. Kila mzee anajua bei ya neno hili «mwenyewe».

4. FAIDA HII HAIWEKWI AKIBA

Sasa tufike kwenye Kutoka 16. Mana ilishuka kila asubuhi. Kila mtu aliokota ya siku yake. Aliyejaribu kuiweka mpaka kesho, ikaoza na kuota funza. Mungu aliwafundisha kumtegemea kila siku.

Mwili unafuata sheria hiyohiyo. Nguvu ya matembezi kuvuta sukari inadumu siku moja ama mbili, kisha inaisha. Mtu akiacha mazoezi majuma machache, pumzi yake inapungua tena. Kwa hiyo kijana asiseme, nilicheza mpira sana wakati wa shule. Hiyo ni mana ya jana. Na aliyekaa miaka 20 asikate tamaa akisema nimechelewa, kwa maana mana ya leo inashuka hata kwa yeye ambaye jana hakuokota.

Ndiyo sababu kidogo cha kila siku kinashinda kingi cha mara moja. Mtu anayekimbia saa mbili Siku ya Yenga moja, akaumwa magoti, akaacha mwezi mzima, hakupata kitu. Mwenzake anayetembea dakika 30 kila asubuhi amevuna.

5. NAMNA YA KUANZA

Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mashauri mwaka 2020: mtu mzima afanye mwendo wa dakika 150 mpaka 300 kwa juma, na mara mbili kwa juma afanye kazi ya kutia misuli nguvu. Watoto wapate dakika 60 kwa siku. Kwao mchezo unatosha. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano.

- Funga mazoezi kwenye sala ya asubuhi. Ukisema Amina, toka utembee. Kitu kilichofungwa kwenye desturi ya zamani hakisahauliwi upesi.
- Anza na dakika 10. Kila juma ongeza 5.
- Kipimo cha mwendo ni hiki: unaweza kuongea, lakini huwezi kuimba wimbo. Kama unaimba bila shida, ongeza hatua. Kama kuongea kunakushinda, punguza.
- Mama hahitaji suruali wala viatu vya bei. Kikwembe, kitambaa kichwani na viatu vinavyoshika mguu vinatosha.
- Kulima, kutwanga, kuchota maji, kwenda na kinga, vyote ni mazoezi. Mama anayelima kila siku tusimtwike mzigo mwingine. Yeye anahitaji pumziko na chakula, na mume wa kumsaidia kubeba bidoni.
- Mvua ikinyesha na udongo wa Bunia ukateleza, baki nyumbani: keti kwenye kiti na kuinuka mara 10, pumzika, rudia mara tatu.
- Tembeeni wawili ama watatu, jua likiwa limetoka, katika njia zenye watu. Usalama wa mji wetu tunaujua. Hatumwambii mtu atoke usiku ama apite mahali pasipo watu.

6. MAMBO YA KUANGALIA

Anayesikia maumivu katika kifua, anayekosa pumzi akitembea kidogo, anayevimba miguu, na mama mwenye mimba yenye shida, waone munganga kwanza. Anayekunywa dawa ya tansio ama ya sukari asiziache kwa sababu anatembea ama kwa sababu ameombewa. Munganga ndiye atakayepunguza, akiisha kupima.

Tena tusihukumu. Mtu anaweza kutembea kila siku na bado akaugua. Mazoezi yanapunguza hatari, hayaifuti. Mgonjwa asiulizwe, ulikosa nini? Apewe mkono.

MAULIZO KWA MAZUNGUMZO

1. Katika juma lililopita, ni safari gani fupi uliyopanda moto na ungeweza kwenda kwa miguu?
2. Kwa nini Mungu alimtembeza Eliya kabla ya kusema naye katika Horebu?
3. Nani katika karte yako amekaa nyumbani kwa huzuni, ambaye unaweza kumpitia asubuhi mtembee pamoja?
4. Ni lini mara ya mwisho ulipimwa tansio?

KAZI YA JUMA

Kila mmoja achague saa yake na mwenzake. Aandike alama katika daftari kila siku aliyotembea. Siku ya Yenga inayokuja tuhesabu alama. Asiye na alama hata moja asione haya. Aokote mana ya siku ile.

SALA

Ee Baba, tunakushukuru kwa mwili uliotupa. Utusamehe kwa kuliacha hekalu lako bila kulifagia. Uwainue waliopooza, uwape usingizi walioona mabaya, uwarudishe waliokimbia kwenye mashamba yao kwa amani. Tupe nguvu ya leo, na kesho utupe ya kesho. Katika jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Amina.