"Mtandao Haupo": Utambuzi wa Hitilafu za Muunganisho katika Tarakilishi

Makala haya yanachunguza kauli isikikayo kila uchao katika maabara za tarakilishi na mabweni ya vyuo vikuu: "mtandao haupo." Mwanafunzi ambaye tasnifu yake yatakiwa kuwasilishwa kabla ya saa sita usiku huitamka kwa kukata tamaa, kisha akaizima tarakilishi na kuiwasha upya. Pengine hatua hiyo hufaulu. Aghalabu haifaulu, kwa kuwa kauli yenyewe haijataja kinachougua.

Neno mtandao, lenye nasaba na kitenzi tanda na nomino utando, limebebeshwa maana nyingi mno. Hutumiwa kurejelea mawasiliano kati ya tarakilishi na ruta iliyo ukutani, intaneti kwa jumla, na hata tovuti moja tu. Kila kimojawapo cha vitu hivi chaweza kuharibika peke yake ilhali vingine ni vizima. Hivyo basi, mtambuzi hana budi kuvitenganisha, akianzia karibu na kuelekea mbali.

Kilicho karibu zaidi ni kiungo. Je, waya umeshika barabara? Je, waifai imezimwa bila mtumiaji kujua? Maswali haya ni mepesi, na ndiyo maana hurukwa.

Baada ya kiungo huja anwani. Katika mfumo wa Windows, mtumiaji hufungua dirisha la amri na kuandika ipconfig. Huonyeshwa anwani ya tarakilishi yake pamoja na ile ya lango, yaani ruta. Anwani ikianza kwa 169.254, dalili ni bayana: tarakilishi iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Ni kama mgeni aliyebisha hodi, asiitikiwe, akajichagulia chumba. Katika hali hiyo, kufungua kivinjari mara kumi ni kazi bure.

Anwani ikiwa sahihi, chombo kifaacho ni amri ya ping. Iliandikwa mwaka wa 1983 na Mmarekani Mike Muuss, naye aliipa jina la mlio wa mitambo ya manowari inayopima umbali kwa mwangwi. Wanaisimu watatambua kwamba amri hii, kumbe, ni tanakali ya sauti! Hutuma ujumbe mdogo na kungoja mwangwi wake. Mtambuzi huielekeza kwanza kwa 127.0.0.1, ambayo ni tarakilishi yenyewe. Kisha kwa lango. Kisha kwa anwani ya mbali kama 8.8.8.8 ya Google. Na mwisho kwa jina la tovuti. Mwangwi unapokatikia, hapo ndipo pa kuchunguzwa. Hata hivyo, tahadhari yahitajika: baadhi ya seva zimepangwa zisijibu ping, kwa hiyo kimya cha seva moja si ithibati ya hitilafu.

Hali inayopotosha wengi ni pale 8.8.8.8 inapojibu lakini jina la tovuti halipatikani. Hapa kauli "mtandao haupo" ni uongo mtupu. Intaneti ipo, kinachokosekana ni tafsiri ya jina kuwa nambari, kazi ya mfumo wa majina ya vikoa uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka huo huo wa 1983. Amri ya ipconfig /flushdns hufuta majina yaliyohifadhiwa kwenye tarakilishi, na mara nyingine hilo hutosha. Lisipotosha, hubadilishwa anwani ya seva ya majina.

Saa nayo isisahaulike. Betri ndogo ya ndani ikiisha, tarehe yaweza kurudi nyuma kwa miaka, na tovuti salama zikakataliwa na kivinjari ingawa muunganisho hauna dosari.

Lango likijibu huku kila anwani ya nje ikiwa kimya, yamkini kosa liko nje ya chumba, au hata nje ya nchi. Mnamo Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikadhoofika kote Afrika Mashariki. Hapakuwa na tarakilishi ya kurekebishwa. Mwanafunzi aliyefika hatua hii humpigia fundi na kumweleza: "Nina anwani, lango linajibu, lakini 8.8.8.8 haijibu tangu saa mbili usiku." Fundi hatalazimika kumuuliza iwapo amechomeka waya.