SOMO LA AFYA: TUOGOPE WEMBE, TUSIOGOPE SAHANI

Ndugu Wanachama,

Somo la mwezi huu si la mikarafuu, bali ni la wale wanaoipanda mikarafuu hiyo na kuichuma. Twaomba kila mwanachama alisome mpaka mwisho, na asiyeweza kusoma asomewe.

Msimu uliopita, katika moja ya kambi za wachumaji wetu, kijana mmoja alikwenda kujitolea damu kwa ajili ya jamaa yake aliyelazwa. Damu ilipopimwa aliambiwa kuwa ana homa ya ini ya aina ya B. Mwenyewe hakuwa na maumivu yoyote, na siku ya pili yake alichuma pishi nyingi kuliko wenziwe. Habari ilipoenea kambini alitengewa sahani na kikombe, akapewa jamvi lake la kulalia kule pembeni. Baada ya siku nne alifunga mzigo wake akarudi kwao.

Sisi wa ofisi ya Chama tulipata habari hizo, tukanyamaza kwa kuwa hatukujua la kusema. Jambo linalotuuma hata leo ni hili: wale waliomtengea sahani waliendelea kunyoana wote kwa wembe mmoja. Waliogopa kisichodhuru, wakakumbatia kinachodhuru. Basi tumeuliza, tumesoma, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MAJINA YASITUCHANGANYE

Wengi wetu tukiona mtu ana macho ya manjano husema ana homa ya manjano. Homa ya manjano hasa ni ugonjwa mwingine, unaoletwa na mbu. Homa ya ini tunayoisema hapa huletwa na virusi vinavyoingia katika ini, navyo ni vya aina tano: A, B, C, D na E. Umanjano wa macho ni dalili tu, na mara nyingi hauonekani kabisa. Ndiyo maana wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na aina ya B, na milioni 50 na aina ya C. Wengi wao hawakujijua.

ZIPITAZO KINYWANI: A NA E

Aina hizi mbili hutoka katika choo cha mgonjwa zikaingia katika maji au chakula cha mwingine. Walio karibu na hatari ni watu wanaokaa pamoja pasipo vyoo vizuri wala maji safi, na kambi zetu za msimu, tukisema kweli, ni mahali pa namna hiyo.

Lakini hatari hailingani kwa wote. Mtoto mdogo akipata aina ya A, mara nyingi hupita naye kimya kimya, naye hubaki na kinga. Mtu mzima ambaye hakuipata utotoni huweza kulala kitandani majuma mengi. Aina ya E ni kali mno kwa mama mjamzito: katika miezi mitatu ya mwisho, kati ya wajawazito 100 wanaougua, huweza kufa 20 hadi 25. Basi mwenye shamba anayewaita akina mama kuja kuchambua karafuu, na kisima chake ki karibu na choo, na ajue amewaitia nini. Dawa ya mambo haya ni choo kilicho mbali na kisima, maji ya kunywa yaliyochemshwa, na kunawa mikono kwa sabuni.

ZIPITAZO KATIKA DAMU: B, C NA D

Aina ya B hupita katika damu na katika majimaji mengine ya mwili. Virusi vyake huweza kuishi nje ya mwili siku saba au zaidi, hata damu ikiwa imekauka na jicho halioni kitu. Aina ya C hupita zaidi katika damu. Aina ya D haimpati mtu ila aliye na B. Walio karibu zaidi na hatari ni hawa:

1. Mtoto mchanga wa mama mwenye B. Hupata wakati wa kuzaliwa. Katika watoto 100 wanaoambukizwa wakiwa wachanga, 90 au zaidi hubaki nayo maisha. Mtu mzima akiambukizwa, mwili huiondoa wenyewe kwa zaidi ya watu 95 katika 100. Kwa hiyo umri wa kuambukizwa ni jambo kubwa kuliko yote. Mjamzito na apimwe, na mtoto wake apate chanjo katika saa 24 za mwanzo.

2. Waliozaliwa kabla ya chanjo. Tanzania iliiingiza chanjo ya B katika chanjo za watoto mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo, nasi ndio wengi katika Chama hiki, hatukuipata utotoni. Mtu mzima huweza kuchanjwa: sindano ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, na ya tatu katika mwezi wa sita.

3. Mume au mke wa aliye nayo, na wa nyumba moja naye. Aina ya B hupita katika tendo la ndoa, na hupita pia kwa kuazimana wembe, mswaki na kikatio cha kucha. Mwenza akichanjwa, ndoa huendelea kwa amani.

4. Wanaokatwa au kutobolewa kwa chombo kisicho safi. Hapa tuseme bila ya kuoneana haya. Anayeumikwa chuku, anayetahiriwa, mtoto anayetogwa masikio, mchanga anayenyolewa nywele za kwanza, na sisi sote tunaokaa kwa kinyozi, tumo katika fungu hili. Hatusemi mila ziachwe. Twasema kila mtu na wembe wake mpya.

5. Wauguzi, wakunga na wafagiaji wa hospitali, ambao huweza kuchomwa na sindano zilizokwisha tumika.

6. Vijana wanaojidunga dawa za kulevya kwa sindano moja. Hawa ndio walio karibu zaidi na C. Ni watoto wetu, na kuwafukuza majumbani hakujaponya ini la mtu.

SOMO KUTOKA MISRI

Asidhani mtu kuwa sindano chafu ni kosa la wahuni tu. Tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, Serikali ya Misri iliwatibu watu wa vijijini kichocho, ugonjwa tunaoujua sana visiwani kwetu, kwa kuwapiga sindano. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilirudiwa kwa watu wengi bila ya kusafishwa ipasavyo. Virusi vya C havikugunduliwa mpaka mwaka 1989, na wakati huo Misri ilikuwa imekwisha kuwa miongoni mwa nchi zilizopatwa zaidi na C duniani. Wakulima waliponywa kichocho wakapewa ugonjwa wa ini.

Lakini nchi ile haikukaa kulia. Katika miaka ya 2018 na 2019 ilipima watu karibu milioni 50, na walioonekana wanayo wakapewa vidonge. Maana C, ijapokuwa haina chanjo, ina dawa: vidonge vya majuma 8 hadi 12 huponya zaidi ya watu 95 katika 100. B haina dawa ya kuiondoa kabisa, lakini ipo ya kumeza kila siku ambayo huizuia isile ini.

KINACHOONGEZA MZIGO

Aliye na B au C akinywa pombe hulichosha ini mara mbili. Iko na sumu nyingine. Mkulima wa karafuu ajua karafuu zikivundikwa mbichi huharibika. Karanga na mahindi nayo yakiwekwa na unyevu huota ukungu wenye sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hiyo ikikutana na B katika ini moja, saratani husogea karibu zaidi. Anikeni vyakula vyenu kama mnavyoanika karafuu za kuuza.

YASIYOAMBUKIZA

Homa ya ini B na C hazipiti katika sahani, kikombe, kupeana mkono, kukumbatiana, kikohozi, wala kulala jamvi moja. Tumeyaweka mwisho ili msiyasahau.

Kwa hiyo, kwa msimu ujao, twawaomba wenye mashamba wote mambo matatu. Kila mchumaji awe na wembe wake, na uliotumika utiwe katika kopo lenye kifuniko. Maji ya kunywa yachemshwe. Wala asitengwe mtu kwa ugonjwa uliomo katika damu yake. Ama yule kijana, tumekwenda kwao tukamtaka radhi, na tumemwambia kuwa sahani ya wote inamngoja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA MATAWINI

1. Homa ya manjano na homa ya ini zina tofauti gani?
2. Kwa nini mtoto mchanga yumo hatarini zaidi ya baba yake?
3. Katika kambi yenu, nyembe zilikuwa ngapi msimu uliopita, na watu walikuwa wangapi?

Jibu la swali la tatu twaomba liletwe ofisini.

Wassalaam,
Katibu wa Chama