Namna ya kulishika "pick up" ukiwa Likasi

Mtu wa kazi ya mizigo hapa Likasi, kusini mwa Kongo, hawezi kukikwepa Kiingereza. Shuleni tulisomeshwa kwa Kifaransa, nyumbani na mitaani Kikula tunaongea Kiswahili, lakini malori yanayobeba shaba kwenda mpaka wa Kasumbalesa yana madereva wengi kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini, na ujumbe wao unaingia kwa Kiingereza. Neno ambalo vijana wa kazini huniuliza kila mara ni "pick up".

Kamusi itakuambia ni kuokota. Ni kweli, ila haikufikishi mbali. Dereva akikuandikia "I will pick up the papers at four", haokoti chochote: atapita saa kumi alasiri kuchukua karatasi zake. "Pick up the load" ni kwenda kupakia mzigo. "Pick me up at the hotel" maana yake unipitie hotelini. Na mwenzake akilalamika "he is not picking up", ujue mtu hapokei simu, ingawa simu yenyewe haikutajwa. Hata biashara iliyokuwa imelala ikianza kuchangamka, husemwa "it is picking up".

Kwa hiyo mimi huwaambia waache kutafuta neno moja la kulilinganisha nalo, watazame ni kitu gani kinachochukuliwa. Mtu, mzigo, simu, ugonjwa, lugha: hicho ndicho kinachokupa maana. Katika daftari andika sentensi nzima kama ulivyoisikia, pamoja na kitu chake.

Katika Kiswahili tunageuza kitenzi mkiani: funga, fungua, fungia. Mwingereza huacha kitenzi kama kilivyo, akabadilisha kijineno kinachokifuata. "Pick out" ni kuteua kimoja kati ya vingi; "pick on" ni kumwonea mtu. Ukimeza kijineno hicho, umesema jambo lingine kabisa, basi kitamke mpaka kisikike.

Maana ya "pick up" ninayoipenda kuliko zote ni ile ya lugha. "Pick up a language" ni kuipata lugha kwa kuishi na wanaoisema, bila mwalimu wala darasa. Mji wetu unaijua sana habari hiyo. Enzi za kampuni ya madini ya Union Minière, Likasi ikiitwa bado Jadotville, wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka, Rhodesia ya Kaskazini. Kila mmoja alikuja na lugha ya kwao. Kiswahili wengi wao walikipatia kazini, kambini na sokoni, wakawarithisha watoto wao, na leo ndicho tunachobembelezea wajukuu. Ninapomfafanulia kijana maana hii, sihitaji mfano wa London. Bibi yake anatosha.

Sasa mpangilio wa maneno, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Kitu kikitajwa kwa jina, una uhuru: "pick up the phone" na "pick the phone up" zote ni sawa. Lakini ukitumia "it", "him" au "them", neno hilo lazima likae katikati: "pick it up", "pick them up". "Pick up it" haisemwi. Fanya zoezi ukiwa na vitu mbele yako: weka kalamu mezani, itaje kwa jina, kisha irudie kwa "it", hadi ulimi uzoee.

Jambo la mwisho ni sauti. Ikiwa ni kitenzi, mkazo unakaa kwenye "up". Ikiwa ni nomino, kama lile gari tunaloliita pikapu, mkazo unarudi mwanzoni, na mara nyingi huandikwa kwa kistari. Ukipata ujumbe wa "pick-up: 10:00, Shituru", usimtafutie mtu gari. Anakujulisha kwamba mzigo utachukuliwa Shituru saa nne asubuhi, na karatasi ziwe tayari.