SOMO: MLEVI APELEKWE WAPI?

Hapa Kindu, ng'ambo zote mbili za Lualaba, wako watu walioshikwa na lotoko. Mtu ameuza masufuria na nguo za watoto. Jamaa yake wamechoka, nao husema: "Tumpeleke buloko, huko ataacha." Tafadhali, ngojeni kwanza.

Lotoko ni pombe kali ya mahindi au mihogo. Mtu akiinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake huizoea. Akinyimwa ghafula, hutetemeka na kutoka jasho. Katika siku 2 za kwanza aweza kuanguka kama mwenye kifafa. Tangu siku ya 2 hata ya 4 aweza kuona vitu visivyokuwako. Huo si ukaidi wala pepo. Asipopata dawa aweza kufa, na katika chumba kilichofungwa ni nani atakayemwona?

Siku moja nililetewa mtu ambaye jamaa zake walikuwa wamemfungia nyumbani. Nilimkemea mbele ya wagonjwa wote. Akageukia ukuta, akanyamaza. Kesho yake nilimwomba msamaha, ndipo aliponiambia kiasi alichokuwa akinywa, nasi tukajua namna ya kumtibu. Aibu hufunga kinywa, na mganga hawezi kutibu asichokijua.

Huko Dar es Salaam, mwaka 2011, hospitali ya Muhimbili ilianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya methadoni, wainywe kila siku mbele ya mhudumu. Dawa hiyo si ya pombe, lakini njia ni ile ile: aliyezoea kukimbia polisi huja mwenyewe kutibiwa.

Basi fanyeni hivi:

1. Msimfungie, wala msimkatize pombe ghafula. Mleteni hospitali.
2. Semeni kweli: hunywa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini.
3. Mpeni chakula na maji, mkamwite kwa jina lake.
4. Akirudia kunywa, mrudisheni kwetu. Mwenye malaria akiugua tena, je, twampiga?

Akipiga mtu au kuiba, hilo ni neno la hakimu. Lakini kushikwa na pombe ni ugonjwa.

Someni Luka 10:30-37. Msamaria hakumhukumu aliyelala njiani. Alifunga vidonda vyake, akamlipia nyumba ya wageni.

MASWALI
1. Kwa nini ni hatari kumfungia mlevi?
2. Ni nani katika mtaa wako utakayemsindikiza juma hili?