Kufundisha Uchoraji wa Kidijitali: Uchaguzi wa Programu na Zana

Utangulizi

Wakufunzi wanaoanza kufundisha uchoraji kwa kompyuta huuliza kwanza: tutumie programu gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo huja la pili. La kwanza ni hili: je, mwanachuo tunayemwandaa ataweza kulirudia somo letu katika shule atakayopangiwa?

Swali hili nilifundishwa na kosa langu mwenyewe. Katika muhula wangu wa kwanza wa kufundisha somo hili nilitumia programu ya kulipiwa, niliyoipata kwa njia ya mkato, bila leseni. Wiki ya nne virusi vilivyokuja pamoja nayo viliharibu kazi zote za wanachuo. Mwanachuo mmoja akaniambia kwa upole, "Mkufunzi, ikiwa hapa chuoni limetushinda, kijijini nitalifundishaje?" Sikuwa na jibu.

Jibu limo katika historia ya sanaa yetu wenyewe. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, hakungojea turubai wala rangi za ng'ambo. Alichukua vipande vya hadibodi na rangi za kung'aa za kupaka baiskeli, akaanzisha mtindo unaojulikana duniani hadi leo. Zana ilichaguliwa kwa kuwa ilipatikana, na mkono ukajifunza tabia zake.

Uchaguzi wa Programu

Programu za kuchorea ni za namna mbili. Namna ya kwanza huijenga picha kwa nukta ndogondogo, na hufaa kwa kivuli, rangi laini na sura za watu. Namna ya pili huijenga kwa mistari inayokokotolewa kihesabu. Picha yake hukuzwa bila kuchakaa, nayo hufaa kwa nembo, mabango na mapambo yanayojirudia, kama yale ya pindo la kanga.

Photoshop, iliyotoka mwaka 1990, ni mashuhuri katika namna ya kwanza. Lakini tangu mwaka 2013 matoleo yake mapya hupatikana kwa malipo ya kila kipindi. Chuo kikikoma kulipa, somo nalo hukoma. Kwa upande mwingine zipo GIMP na Krita za namna ya kwanza, na Inkscape ya namna ya pili. Hizi ni za bure, na leseni zake zinaruhusu kila mtu kuzinakili na kumpa mwenziwe. Mwanachuo anaweza kuondoka nazo katika flashi bila kuvunja sheria. Kwa mwalimu, sifa hiyo inashinda wingi wa vitufe.

Uchaguzi wa Zana

Kabla ya kulaumu kompyuta, mwalimu hana budi kupiga hesabu. Karatasi ya A4 yenye nukta 300 kwa inchi ina nukta 2,480 kwa 3,508. Ikiwa kila nukta huchukua baiti 4, tabaka moja la picha hula megabaiti 35 hivi za kumbukumbu. Mwanachuo mwenye matabaka 10 anatumia 350, na kompyuta kuukuu huanza kusitasita. Tukipunguza hadi nukta 150 kwa inchi, mzigo hushuka hadi robo. Kwa mazoezi ya mwanzo kipimo hicho chatosha.

Kipanya chatosha kwa kazi za Inkscape. Kwa kuchora kwa mkono, kibao chenye kalamu ni bora, lakini kibao kisicho na kioo kinahitaji uvumilivu, maana mkono huchora mezani ilhali jicho linatazama mbele. Visipopatikana vibao vya kutosha, wanachuo wapokezane. Simu ya mkononi nayo isidharauliwe. Huenda ndiyo kompyuta pekee atakayokuwa nayo mwalimu huyo kazini.

Hatua za Somo: Matabaka

1. Wanachuo watoke nje asubuhi, waitazame milima ya Uluguru kutoka hapa Mzumbe. Waeleze wanachokiona: kilima cha karibu ni kijani iliyokoza, cha nyuma yake kimepauka, na cha mbali ni samawati hafifu.

2. Kila kikundi kipewe karatasi tatu za nailoni angavu. Kila safu ya milima ichorwe katika karatasi yake, kisha zipangwe moja juu ya nyingine. Mwalimu aondoe moja na kuuliza: kimebadilika nini? Kimebaki nini?

3. Ndipo wanachuo wafungue kompyuta na kufanya vivyo hivyo kwa matabaka matatu.

4. Kazi ihifadhiwe kila baada ya dakika tano, kwa kuwa umeme haupigi hodi unapoondoka.

Tathmini

Mwalimu asipime urembo wa picha peke yake. Amwombe mwanachuo amfundishe mwenziwe dhana ya tabaka kwa nailoni, kompyuta ikiwa imezimwa. Akiweza, amelielewa somo. Asipoweza, amekariri vitufe tu.

Hitimisho

Programu hubadilika kila mwaka, na vitufe tunavyovifundisha leo huenda kesho vikahamishwa. Lakini jicho lililojifunza kuona kwamba mlima wa mbali hupauka halitahitaji leseni mpya. Mwalimu aanze na jicho hilo, kisha achague zana ambayo mwanafunzi wake ataweza kuifikia.